Vyakula vya mimea hulinda figo, lakini si kila kitokacho shambani ni tiba

Na MWANDISHI WETU

KATIKA masoko mengi nchini, kuanzia Marikiti jijini Nairobi hadi Kongowea mjini Mombasa, si ajabu kukuta unga wa mlonge, manjano iliyosagwa, majani ya mwarobaini na maua makavu ya choya yakinadiwa kwa sifa moja: kwamba husafisha figo. Siku hizi wauzaji wengi huongeza neno la kitaalamu ili kumtoa mnunuzi wasiwasi. Husema bidhaa zao zimejaa antioksidanti.

Neno hilo si la uongo. Mboga, matunda, viungo na chai vina viini ambavyo huzuia aina fulani ya uharibifu ndani ya seli, na uharibifu huo ni mojawapo ya mambo yanayochochea maradhi sugu ya figo. Linalozua utata ni hatua inayofuata, pale mtu anapoamini kwamba kikombe cha maji ya mmea au kopo la vidonge litamkinga, au hata kumponya, na kwa sababu hiyo akaacha dawa zake za kisukari au za shinikizo la damu.

Ukweli ambao utafiti wa miaka mingi umefikia ni kwamba mimea ikiliwa kama chakula humfaa mtu ambaye figo zake bado ni nzima. Mimea hiyo hiyo ikikamuliwa, kukaushwa na kunywewa kwa vipimo vikubwa, faida yake huwa haina uhakika. Na kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha dhoofika, baadhi ya mimea hugeuka kuwa sumu.

Kazi ya figo

Kila figo ina ukubwa wa ngumi. Ndani yake mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kwa siku moja, figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu kama mkojo. Mbali na kuondoa taka, figo husawazisha maji na chumvi, hudhibiti shinikizo la damu, huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu na husaidia kuimarisha mifupa.

Mtu huhesabiwa kuwa na maradhi sugu ya figo iwapo kasoro katika umbo au utendaji wa viungo hivyo imedumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Madaktari huyagawanya maradhi hayo katika hatua tano, kulingana na uwezo wa figo wa kuchuja damu. Katika hatua ya tano uwezo huo huwa umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na wagonjwa wengi hulazimika kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo nyingine.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Mtu aweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake bila kuhisi maumivu yoyote. Kufura miguu, uchovu usioisha, kichefuchefu na kuishiwa pumzi ni dalili ambazo kwa kawaida hujitokeza mambo yakiwa yamekwisha haribika. Mwaka wa 2018, vyama vya kimataifa vya wataalamu wa figo vilikadiria kwamba watu wapatao milioni 850 ulimwenguni walikuwa na maradhi ya figo ya namna moja au nyingine. Wengi wao hawakujua.

Kutu ndani ya mwili

Ili kuelewa antioksidanti, mtazame mpishi anayekata biringanya. Akiiacha kwa dakika chache, nyama yake nyeupe hugeuka rangi ya kahawia kwa kuguswa na hewa. Akiikamulia ndimu, hukawia kugeuka. Oksijeni ndiyo iliyoiharibu biringanya, na viini vilivyomo ndani ya ndimu ndivyo vilivyoikinga.

Jambo linalofanana na hilo hutendeka ndani ya mwili wa binadamu. Seli hutumia oksijeni kuchoma chakula na kupata nishati. Uchomaji huo hufanyika ndani ya viwanda vidogo viitwavyo mitokondria. Kama ilivyo kwa jiko lolote, cheche huruka. Cheche hizi ni molekuli zilizopungukiwa na elektroni, ambazo wataalamu huziita chembe huru. Kwa kuwa hazijatulia, hupora elektroni kutoka kwa kila kilicho karibu: mafuta yanayojenga utando wa seli, protini, na hata chembe za urithi.

Chembe huru si adui mtupu. Mwili huzitumia kuua bakteria na kupitisha ujumbe baina ya seli. Tena mwili una walinzi wake wenyewe, vikiwemo vimeng'enya vinavyozituliza na kiini kiitwacho glutathioni. Madhara huja pale chembe huru zinapozidi nguvu ya walinzi hao.

Figo zimo hatarini kuliko viungo vingi. Hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kazi ya kurudisha chumvi na sukari mwilini huhitaji nishati nyingi mno. Penye nishati nyingi pana mitokondria nyingi, na penye mitokondria nyingi pana cheche nyingi. Sukari ikizidi katika damu, au shinikizo la damu likipanda na kukaa juu kwa miaka, cheche huongezeka. Mishipa midogo huvimba, vichujio huanza kuvujisha protini, na hatimaye makovu hujaza mahali palipokuwa na nefroni. Nefroni iliyokufa haioti tena.

Viini vilivyomo katika mimea

Mmea hauwezi kukimbia jua wala wadudu, hivyo hujitengenezea kinga yake. Kinga hiyo ndiyo humfikia mlaji. Rangi nyekundu na zambarau ya choya, zambarau na zabibu hutokana na viini viitwavyo antosianini. Viini hivyo vimo pia katika chai ya zambarau, aina ya mchai TRFK 306 ambayo watafiti wa chai wa Kenya waliitoa kwa wakulima mwaka wa 2011. Rangi ya manjano hutokana na kurkumini. Nyanya ina likopini. Vitunguu vina kwasetini. Mboga za jamii ya kabichi, ikiwemo sukuma wiki, huwa na viini vya salfa vinavyojitokeza mboga inapokatwa au kutafunwa.

Zamani ilidhaniwa kwamba viini hivi huingia katika damu na kupambana na chembe huru moja kwa moja. Sasa inafahamika kwamba kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo mno kwa kazi hiyo. Vingi hufanya kazi kwa njia nyingine: huiamsha protini iitwayo Nrf2, ambayo ni mithili ya nyapara anayewaamrisha walinzi wa mwili kuongeza bidii. Kwa maneno mengine, mboga haipigani vita kwa niaba ya mwili. Huukumbusha mwili kutumia silaha zake.

Tofauti hiyo ina uzito. Nyapara akishaamsha vibarua, kumpigia kelele mara kumi zaidi hakuongezi kazi mara kumi. Hii ni sababu mojawapo inayofanya vipimo vikubwa vya viini hivi visilete faida kubwa kama inavyotarajiwa.

Majaribio kwa binadamu

Katika maabara, panya waliopewa kurkumini, antosianini na viini vingine wameonyesha mara kwa mara figo zenye nafuu. Lakini panya si binadamu, na vipimo wanavyopewa aghalabu huwa vikubwa kuliko vile mtu awezavyo kula.

Kwa binadamu, baadhi ya matokeo yanatia moyo. Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani walichapisha jaribio lililohusisha watu 65 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limepanda kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu vya chai ya choya kila siku kwa wiki sita walishukiwa na shinikizo la juu kwa wastani wa pointi 7.2, ilhali waliokunywa kinywaji cha kulinganishia walishukiwa na pointi 1.3 pekee. Kwa vile shinikizo la damu ni chanzo kikuu cha maradhi ya figo, punguzo hilo si haba. Hata hivyo, jaribio hilo lilipima shinikizo la damu, si figo, na halikuwahusu watu waliokuwa wakitumia dawa za shinikizo.

Matokeo ya manjano ni funzo kubwa zaidi. Majaribio madogo yalidokeza kwamba hupunguza protini inayovuja katika mkojo. Lakini nchini Kanada, wagonjwa 606 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mshipa mkuu wa damu walipojaribiwa, kurkumini haikuwakinga na madhara ya upasuaji huo. Kinyume chake, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba asilimia 17 ya waliopewa kurkumini walipata jeraha la ghafla la figo, ikilinganishwa na asilimia 10 ya wale ambao hawakupewa. Si kwamba manjano ndani ya mchuzi ni hatari. Kilichojaribiwa ni dawa nzito, si kijiko cha kitoweo.

Shirika la Cochrane, ambalo hukusanya majaribio na kuyapima kwa pamoja, lilichapisha uchambuzi kuhusu antioksidanti na maradhi sugu ya figo mwaka wa 2012 na kuurejelea mwaka wa 2023. Uchambuzi huo haukuhusu mimea pekee, bali pia vitamini na dawa za viwandani. Uchambuzi wa pili ulipata dalili kwamba matibabu hayo huenda yakapunguza kasi ya kuharibika kwa figo, lakini haukupata ushahidi kwamba yanarefusha maisha au kuulinda moyo. Ulionya pia kuhusu ongezeko la moyo kushindwa kufanya kazi.

Faida isiyotokana na antioksidanti

Hata pale mboga na matunda yanapothibitika kuzisaidia figo, sifa haiendi kwa antioksidanti pekee. Katika jimbo la Texas nchini Marekani, madaktari Nimrit Goraya na Donald Wesson waliwafuatilia wagonjwa 71 waliokuwa katika hatua ya nne ya maradhi. Baadhi walipewa magadi ya dawa ili kupunguza asidi mwilini. Wengine walipewa mboga na matunda. Baada ya mwaka mmoja, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013 yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalipungukiwa na asidi na dalili za jeraha la figo.

Maelezo yake ni mepesi. Nyama, mayai na nafaka huacha asidi ambayo figo hulazimika kuitoa. Mboga na matunda mengi huacha kinyume chake, na hivyo kuzipunguzia figo mzigo. Pia yana nyuzinyuzi, hayana chumvi nyingi, na humshibisha mtu bila kumnenepesha. Hakuna kidonge kimoja kinachobeba faida hizo zote kwa pamoja.

Ni muhimu kuongeza kwamba wagonjwa hao wa Texas walichaguliwa kwa uangalifu, miongoni mwa wale ambao madini ya potasiamu katika damu yao hayakuwa juu. Sababu ya uangalifu huo inaeleza kwa nini mgonjwa hafai kuiga tu.

Birimbi na sumu iliyofichika

Watu wa Pwani wanaujua mbirimbi. Matunda yake machachu hutiwa katika mchuzi na kutengenezwa achari. Katika jimbo la Kerala nchini India, ambako pia hupandwa sana, kulienea imani kwamba maji yake mazito hupunguza mafuta katika damu. Mwaka wa 2013, madaktari wa huko waliripoti kisa cha wagonjwa kumi ambao figo zao zilishindwa kufanya kazi baada ya kunywa maji hayo. Saba kati yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Kisababishi kilikuwa asidi ya oksalati, ambayo imo kwa wingi katika birimbi. Ikizidi, huungana na kalisi na kuwa fuwele zinazoziba mifereji ya figo. Wachache wanaotia birimbi moja au mbili chunguni hawana la kuogopa, lakini glasi ya maji yaliyokamuliwa kutoka kwa matunda mengi, hasa tumboni pasipo na chakula, ni jambo jingine kabisa. Mchicha, manjano na vidonge vya vitamini C kwa wingi pia huongeza oksalati.

Ndugu wa birimbi, tunda la nyota lenye pembe tano, ni hatari zaidi kwa wenye figo mbovu. Lina sumu ya mishipa ya fahamu ambayo watafiti wa Brazil waliitambua mwaka wa 2013. Mtu mwenye afya huitoa kwa mkojo. Mgonjwa wa figo hubaki nayo, na huanza kwa kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, kifafa na hata kifo.

Kisa kingine kilitokea Brussels, Ubelgiji, mapema katika miaka ya 1990. Wanawake waliokuwa wakitumia dawa za mitishamba za kupunguza uzito walianza kupoteza figo zao. Ilibainika kwamba mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu ya kuharibu figo na kusababisha saratani. Zaidi ya watu 100 waliathirika. Dawa ilikuwa ya mimea. Hilo halikuifanya kuwa salama.

Mgonjwa ale nini?

Figo zikidhoofika sana, hushindwa kutoa potasiamu. Ikijaa katika damu, yaweza kuusimamisha moyo ghafla. Potasiamu imo kwa wingi katika ndizi, parachichi, machungwa, viazi, maharagwe, maji ya madafu na mboga za kijani, yaani vyakula vile vile vinavyosifiwa kwa antioksidanti. Ndiyo maana ushauri unaomfaa jirani waweza kumdhuru mgonjwa.

Hii haimaanishi kwamba kila mgonjwa aache mboga. Katika hatua za mwanzo wengi hawahitaji kujinyima. Daktari hupima damu, na iwapo potasiamu imepanda, mtaalamu wa lishe huelekeza kiasi na aina ya chakula. Kukata viazi au mboga vipande vidogo, kuvichemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo hupunguza potasiamu.

Mapishi yetu nayo yanahitaji kutazamwa. Wapishi wengi hutia magadi katika managu, kunde au githeri ili vilainike haraka. Magadi ni aina ya chumvi ya sodiamu, nayo humuongezea mwenye shinikizo la damu mzigo. Munyu wa kienyeji unaochujwa kutoka kwa majivu ya mimea, unaotumika sana magharibi mwa nchi, una potasiamu nyingi, hivyo haumfai mgonjwa wa figo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja kidogo kilichojaa.

Mimea iliyopitia mizani

Hakuna anayepuuza uwezo wa mimea. Mwaka wa 1835, wanakemia wa Ufaransa walitoa katika gamba la mtofaa kiini kichungu kiitwacho florizini. Baadaye iligunduliwa kwamba hufanya sukari itoke kwa mkojo. Kwa kuiga umbile lake, wanasayansi walitengeneza dawa za kisukari ambazo sasa zinatumika pia kulinda figo. Jaribio kubwa la mojawapo, dapagliflozini, lililochapishwa mwaka wa 2020 na kuhusisha watu 4,304, lilionyesha kwamba hupunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kuharibika zaidi au mgonjwa kufa kwa maradhi ya figo au ya moyo.

Njia nyingine ilikwama. Kutokana na asidi ya oleanoliki, inayopatikana katika mizeituni na mimea mingine, ilitengenezwa dawa iitwayo bardoksoloni, inayoiamsha Nrf2 kwa nguvu nyingi. Ilitarajiwa kuwa ushindi mkubwa wa nadharia ya antioksidanti. Jaribio lake lililohusisha wagonjwa 2,185 wa kisukari na figo lilisimamishwa Oktoba 2012 kwa sababu waliopewa dawa hiyo walipata matatizo ya moyo kwa wingi kuliko wenzao.

Mimea yote miwili ilianza na matumaini sawa. Kilichotenganisha dawa na hatari kilikuwa mizani ya majaribio, si sifa za sokoni.

La kufanya

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo. Hapo ndipo figo nyingi hupotelea, si kwa kukosa unga wa mlonge.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kupimwa. Vipimo vitatu vyatosha kuanzia: shinikizo la damu, kriatinini katika damu, na protini aina ya albumini katika mkojo. Wenye kisukari, shinikizo la damu, virusi vya Ukimwi au jamaa aliyeugua figo wanashauriwa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka.

Jambo la pili ni kula mboga za aina na rangi mbalimbali, matunda mazima badala ya maji yake, kunde na nafaka zisizokobolewa, huku mtu akipunguza chumvi, sukari na nyama iliyosindikwa, na akiepuka sigara. Mnavu, terere, sagaa na kunde za bustanini hazipungukiwi na chochote kinachouzwa kwa bei ghali ndani ya kopo.

Jambo la tatu ni kutomficha daktari. Anayetumia mwarobaini, mlonge, choya au dawa nyingine ya miti shamba amweleze, kwa kuwa baadhi huzidisha au kupunguza nguvu za dawa za hospitali. Dawa za kutuliza maumivu kama vile diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua bila kuandikiwa, nazo huumiza figo zikitumiwa kwa muda mrefu.

Mwenye kunywa dawa za kisukari au shinikizo la damu asiziache kwa ahadi ya mmea wowote. Sahani yenye mboga hukamilisha kazi ya dawa hizo. Haichukui nafasi yake. Na kwa kuwa nefroni iliyokufa haifufuki, muda wa kuzilinda ni sasa, zikiwa bado hai na zikifanya kazi yake kimya kimya.